Maji Yaliyogoma Kupwa

Wiki iliyopita dada mmoja wa hapa Maryland aliniandikia: "Kaka, hiyo pwani unayotuwekea kwenye picha ni wapi? Mbona unatuficha?" Nilicheka kwanza, halafu nikanyamaza. Dada yangu, sijaificha. Mwaka jana niliwapeleka watu ishirini na wawili pale pale, na mpaka leo wapo ambao tukikutana harusini hawaulizi hali. Wanauliza, "Mzee wa bahari, maji yameshakupwa?"

Panaitwa Matapeake. Ni kwenye kisiwa cha Kent, ukishavuka tu daraja la Ghuba ya Chesapeake. Jina ni la wenyeji wa asili waliokuwa wakiishi kisiwani hapo kabla Waingereza hawajaweka kambi yao ya biashara mwaka 1631. Sasa umepajua. Ila ukienda na kichwa kama nilichokwenda nacho mimi utarudi umenuna, kwa hiyo vumilia nianze na aibu yangu.

Mimi ni mtoto wa Sahare, Tanga. Nimefundishwa kuogelea kabla ya kufundishwa kusoma, na babu yangu alikuwa anakuambia saa ya maji kujaa bila kutazama saa wala kalenda, anatazama mwezi tu. Ukikulia hivyo, ukafika Marekani ukakaa miaka sita kwenye ghorofa la Silver Spring ukisikia lifti tu, hamu ya bahari inakuwa ugonjwa. Najua wengi wenu mnanielewa. Sote tunataka siku moja tumwonyeshe mtoto mawimbi na kusema, hivi ndivyo tulivyolelewa.

Basi Julai mwaka jana nikatangaza kwenye kundi letu: safari ya pwani, kila familia ilete chakula, mimi nitaongoza. Nilijisikia nahodha. Mpango wa kwanza ulikuwa ule ufukwe mkubwa ambao kila mtu anaujua. Tulifika saa nne asubuhi tukakuta geti limefungwa, magari yameshajaa. Wanawake wamekaanga sambusa tangu alfajiri, watoto wameshavaa nguo za kuogelea, na mimi nimesimama kando ya barabara natafuta kwenye ramani ya simu popote palipoandikwa ufukwe wa umma.

Ndipo nikaiona Matapeake. Nikawaambia twendeni, ng'ambo ya daraja, dakika chache. Dakika chache! Jumamosi ya Julai, nusu ya watu wa Washington na Baltimore wanavuka daraja hilo hilo kwenda Ocean City, mji wa ufukweni kwenye bahari kuu. Daraja lenyewe ni karibu kilomita saba, limeinuka juu kiasi cha meli za mizigo za Baltimore kupita chini yake, na shemeji yangu anaogopa urefu. Alivuka amefumba macho, anasoma dua. Foleni sitaisimulia.

Tukafika. Kuna miti, unapita kivulini kidogo, halafu mchanga unafunguka mbele yako, mwembamba, na daraja lote limelala kwenye upeo upande wa kulia. Palikuwa kimya. Watu kumi na tano labda, ukitutoa sisi. Nikajisemea, nimeokoka. Nikapanda juu ya jiwe nikawatangazia: sasa maji yamejaa, saa nane yatakupwa, tutatembea mpaka kule tuokote makombe.

Saa nane ikafika. Maji yapo. Saa tisa, yapo. Kwetu Tanga wakati wa bamvua maji huondoka zaidi ya mita tatu kwa wima, unabaki na uwanja mzima wa kutembea, wanawake wanashuka kutafuta pweza. Pale yalishuka shibiri moja na ushei, kisha yakatulia kama maji ya beseni. Shemeji alinitazama, akatazama yale maji ya rangi ya chai ya maziwa, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia: "Yaani umetutoa Silver Spring kuja kuogelea kwenye supu?"

Hapo hapo mtoto wa rafiki yangu akapiga ukelele. Yavuyavu, au konyeza kama wanavyowaita wengine. Wamejaa. Weupe, wanapepea kama mifuko ya nailoni, huwaoni mpaka wamekuchoma. Nami kwa ujuaji wangu nikachukua mchanga nikaanza kumsugua mtoto mguu, ndivyo tulivyokuwa tukifanya utotoni. Mtoto akalia mara mbili zaidi. Mimi nafanya kazi ya kuhudumia wagonjwa, ndugu zangu, nilipaswa kujua kwamba kusugua kunaifanya minyiri iliyonasa kwenye ngozi iendelee kutoa sumu. Nilisahau yote. Nilitaka kuonekana mtoto wa pwani.

Tulirudi saa kumi na moja, kimya kwenye magari. Picha zilizopigwa siku ile hakuna aliyeziweka popote.

Iliniuma, sitasema uongo. Iliniuma kiasi kwamba Oktoba nilirudi peke yangu, kama mtu anayekwenda kumwuliza adui sababu. Kwenye gati la wavuvi karibu na pale nilimkuta mzee mmoja Mmarekani Mweusi amekaa na ndoo yake. Nikamsimulia. Alicheka mpaka akaweka fimbo ya kuvulia chini. Akanieleza kwamba pale usiulize mwezi, uliza upepo. Upepo wa kaskazini-magharibi ukivuma siku mbili mfululizo huyasukuma maji yatoke ghubani kuliko mwezi unavyoweza. Babu yangu angemwelewa mzee yule. Mimi ilibidi nirudiwe mara tatu.

Kosa langu lilikuwa neno moja. Niliona maji mapana kwenye ramani nikayaita bahari. Chesapeake ni bonde la mto Susquehanna lililomezwa na bahari pale barafu ya zama za kale ilipoyeyuka. Ina urefu wa kilomita 320 hivi, lakini kwa wastani kina chake ni mita sita na kitu tu. Kaskazini kabisa, kwenye mji wa Havre de Grace, maji ni matamu. Kwenye mlango wake Virginia ni chumvi ya bahari kuu. Matapeake iko njiani, maji yake ni ya chumvichumvi, mwezi mmoja zaidi, mwingine pungufu, kufuatana na mvua na theluji iliyoyeyuka huko milimani. Aliyewahi kuoga kwenye mlango wa Mto Pangani anaijua ladha hiyo. Nilikuwa nimeshaiogelea tangu utoto na sikuitambua!

Na hiyo chumvi ya nusunusu ndiyo inayoamua kila kitu. Yavuyavu wa Chesapeake hawapendi maji matamu wala hawapendi chumvi kali; wanataka katikati, na wanataka joto. Kwa hiyo Julai na Agosti, hasa mwaka wenye mvua chache, ndio msimu wao. Mei na mwanzo wa Juni maji bado yana utamu wa mito, unaogelea kwa amani. Mimi niliwapeleka watu ishirini na wawili katikati ya Julai.

Sasa ile picha. Jumamosi ya kwanza ya Juni mwaka huu nilimwamsha binti yangu wa miaka tisa saa kumi na moja alfajiri. Hakuna kundi, hakuna tangazo, chupa ya chai na maandazi ya jana. Daraja lilikuwa tupu. Tulipofika jua lilikuwa linatoka nyuma yetu, juu ya miti, na daraja mbele limeshika rangi ya shaba. Juu ya nguzo mle majini kulikuwa na kiota cha osprey, ndege mla samaki mfano wa furukombe wetu, baba analeta samaki, mama anapiga kelele kana kwamba amechelewa. Binti yangu aliingia majini mpaka kiunoni, akachota kwa kiganja, akaonja. Tulikuwa Tanga mwaka juzi, kwa hiyo ana la kulinganisha. Akasema, "Baba, kama mchuzi mama akisahau chumvi." Nilitaka kumkumbatia na kumkataza kunywa maji yale kwa wakati mmoja.

Tulikaa saa tatu. Nilimsimulia kwamba kabla daraja halijafunguliwa mwaka 1952 watu walivuka kwa feri, na kituo cha upande huu kilikuwa hapa hapa Matapeake. Nikamwonyesha ng'ambo, kusini ya Annapolis, tusipopaona vizuri, nikamwambia kule kuna mji mdogo unaitwa Highland Beach. Mwaka 1893 Charles Douglass, mtoto wa Frederick Douglass, yule mtumwa aliyetoroka akawa mpiganaji mkubwa dhidi ya utumwa, alinunua ardhi pale baada ya kukataliwa kwenye mgahawa wa eneo la kitalii la jirani kwa sababu ya rangi yake. Mzee Frederick mwenyewe alikuwa anajengewa nyumba pale, ili akae kibarazani atazame ng'ambo, upande huu wa mashariki alikozaliwa mtumwa. Alifariki 1895, nyumba haijaisha. Binti yangu akauliza, "Kwa hiyo hakukaa?" Hakukaa. Akatazama maji kwa muda, kisha akarudi kuchimba shimo lake.

Ndiyo maana nakasirika, na niseme wazi, ninapoona wazazi wenzangu miaka kumi hapa Marekani na wikiendi za mtoto zote ni dukani. Watu walikatazwa maji haya. Wewe hukatazwi na hutaki kuamka tu. Tunalalamika watoto wetu hawajui walikotoka, na hata hapa walipo hatuwaonyeshi.

Basi dada, uliuliza ushauri. Nenda mapema. Nikisema mapema namaanisha uwe umeshavuka daraja kabla ya saa mbili asubuhi. Ushuru unalipwa ukienda mashariki tu, kurudi hulipi, lakini Jumapili mchana foleni ya kurudi itakutoza kwa njia nyingine. Piga simu kaunti ya Queen Anne's ujue utaratibu wa maegesho kabla hujatoka, maana mambo hayo hubadilika. Vaa viatu vya majini, kandambili zitabaki kwenye tope. Mvua kubwa ikinyesha, kaa nyumbani: kaunti ya Anne Arundel ng'ambo ya daraja huwaambia watu wasiguse maji kwa saa 48 ikishanyesha nusu inchi au zaidi, kwa sababu uchafu wa barabarani wote huishia ghubani. Na mwenye kidonda kibichi, hata mkwaruzo wa kunyolea, asiingie wakati wa joto. Kuna bakteria wa jamii ya Vibrio wanaopenda maji ya vuguvugu yenye chumvi kiasi, na nimeona kazini mguu ulioanza na mkwaruzo. Hilo si la mzaha.

Usibebe spika. Nakuomba. Pale ni kimya kwa sababu waliopo wamekaa kimya. Mabaki ya sambusa rudi nayo. Usiende na watu ishirini na wawili. Na nenda mapema, nimeshasema.

Shemeji aliona ile picha pia. Juzi usiku kaniandikia, bila salamu: "Jumamosi kuna nafasi kwenye gari?" Nimemjibu ipo, awe mlangoni saa kumi na moja alfajiri, na asije na sambusa. Mpaka sasa hajajibu.