Sura Tuliyoiongeza Wenyewe

SWALI: Mhariri, sisi mashabiki wa riwaya moja hapa Lamu tumeitungia sura ya ziada na kusambaziana simuni bila kuiuza. Je, tumekosa? – Msomaji, Langoni

JIBU: Ndugu msomaji, kutouza pekee hakuwaokoi, kwani Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humpa mtunzi mamlaka juu ya kunakiliwa, kutafsiriwa na kugeuzwa kwa kazi yake, na ulinzi huo hudumu miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Wazo tupu, tuseme la wapendanao kukutana jahazini, halina mwenyewe. Maneno yaliyolisimulia yanaye. Chuo cha WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la miliki bunifu, hufundisha misingi ya haki hizi mtandaoni bila malipo (nami sehemu ya hakimiliki niliirudia mara mbili). Kwanza, mwandikieni mtunzi mumwombe idhini.