Kabla ya Kufungua Tawi la Pili la Mafunzo ya Kuogelea

Nimefundisha watoto kuogelea hapa Malindi kwa miaka kadhaa, na katika muda huo nimefungua matawi matatu na kulazimika kuyafunga mawili. Ndiyo maana mwalimu mwenzangu anaponiuliza wapi aweke tawi lake jipya, simwelekezi kwanza kwenye mtaa wenye wazazi wa uwezo. Humwambia atafute mahali ambapo mtoto anaweza kufika kwa miguu, na ambapo maji yanafaa kwa saa ileile mtoto anapokuwa ametoka shule na bado hajaenda chuoni kusoma Qurani. Sharti moja likikosekana, tawi hilo halitadumu.

Tuanze na maji, kwa kuwa ufuo wetu mrefu huwafanya wageni wa kazi hii wadhani kwamba kila pahali ni darasa. Mto Sabaki humwagika baharini kaskazini mwa mji wa Malindi, na mvua za bara zikinyesha huja na tope jingi jekundu. Kaskazi, upepo wa Desemba hadi Machi hivi, inapovuma, mkondo hulisukuma tope hilo kusini mpaka ndani ya ghuba ya Malindi. Kusi, upepo wa Aprili hadi Septemba hivi, inapoingia, tope huelekea upande wa Mambrui, kaskazini mwa mto. Mwalimu asiyeweza kuona miguu ya mwanafunzi wake majini hapaswi kuwa na wanafunzi majini, kwa hiyo mahali panapofaa mwezi wa Agosti huenda pasifae hata kidogo mwezi wa Desemba. Kabla ya kuzungumza na yeyote kuhusu kodi, nenda ukapatazame mahali hapo katika pepo zote mbili, hata kama itakulazimu kusubiri nusu mwaka mzima.

Saa nazo zina mambo yake. Kujaa na kupwa husogea mbele kwa dakika 50 hivi kila siku, kwa hiyo ratiba ya "kila Jumanne saa kumi" haina maana baharini. Kwetu, wakati wa bamvua (siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, bahari inapojaa na kupwa sana) maji hujaa alasiri, yaani saa ambayo watoto wako huru, lakini maji hayo huwa na kina na mkondo wake una nguvu. Wakati wa maji mafu (siku za nusu mwezi, bahari inapojaa na kupwa kidogo tu) alasiri huangukia kupwa, lakini bahari haiendi mbali, nayo hutulia. Wanaoanza huwapeleka baharini katika siku za maji mafu tu, na siku za bamvua huwaachia wale wanaojua tayari kuelea na kurudi ufuoni wenyewe. Darasa la bahari hupangwa kwa kuutazama mwezi, na wazazi wa hapa hulielewa jambo hilo mara moja ukiwaeleza.

Bwawa halisumbuliwi na tope wala bamvua, ila lina gharama. Huko nje kampuni za mafunzo ya kuogelea zimefuata njia mbili tofauti. Goldfish Swim School, iliyoanza mwaka 2006 katika mji wa Birmingham, jimbo la Michigan nchini Marekani, hujenga mabwawa yake ya ndani yenye maji ya uvuguvugu, na hilo halishangazi katika jimbo lenye baridi kali kiasi kile. British Swim School, iliyoanzishwa Manchester mwaka 1981, hutumia zaidi mabwawa ya watu wengine. Hii ya pili ndiyo inayotufaa. Hoteli nyingi za Malindi hupungukiwa na wageni kuanzia Aprili hadi Juni, na ndio msimu ambao bahari huchafuka kwa masika na kusi, kwa hiyo bwawa hupatikana kwa bei nafuu wakati ule unapolihitaji zaidi. Lakini andikianeni mkataba unaotaja miezi na saa, kwa maana Desemba wageni wakirudi, ahadi ya mdomo husahauliwa.

Tawi langu la kwanza kufungwa lilikuwa na bwawa zuri sana upande wa Watamu. Nilidhani watoto wangu wa Malindi wangenifuata, kumbe ni zaidi ya kilomita 20, na nauli ya kwenda na kurudi ilizidi ada ya somo lenyewe. Mwezi wa tatu nilibaki na wanafunzi wanne, nao wote walikuwa wa familia zenye gari. Hilo liliniuma kuliko hasara ya fedha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 300,000 hivi walikufa maji mwaka 2021, na zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Mtoto anayecheza kando ya madau ya baba yake ndiye aliye karibu na hatari hiyo, naye ndiye niliyekuwa nimemwacha nyuma.

Lamu ilinifunza zaidi kuhusu mahali. Mbele ya mji mashua za mashine hazikomi kupita, kwa hiyo hapafai, ingawa wavulana huruka gatini kila siku. Ufuo wa Shela ni mpana na safi, lakini karibu na mlango wa bahari mkondo huvuta kwa nguvu. Tena kutoka mji wa Lamu hadi Shela ni kilomita 3 hivi, na maji ya bamvua yakijaa hufunika sehemu ya njia ya pwani, yaani saa ileile ya alasiri niliyoitaja. Mtoto wa Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, hawezi kuhesabiwa kuwa mwanafunzi wa Shela, hata ramani ikionyesha kwamba ni jirani.

Kwa wasichana na kina mama, sharti la tatu ni ukuta. Nilipata nyumba ya wageni yenye bwawa dogo uani, na mwenyewe akakubali tulitumie baada ya adhuhuri, mlango ukiwa umefungwa na mfundishaji akiwa mwanamke. Bwawa hilo halizidi hatua kumi kwa urefu, nalo ndilo tawi pekee ambalo halijawahi kukosa wanafunzi. Mama mmoja aliniambia kwamba amepanda mashua maisha yake yote bila kujua kuelea, na sasa huja na binti zake wawili.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukishapata mahali, mchukue mtoto wa miaka minane, utembee naye kutoka mlangoni kwao hadi kwenye maji saa ya darasa, kisha umrudishe. Fanya hivyo siku ya bamvua, na tena siku ya maji mafu. Akichoka njiani, au magharibi ikiwakuta kabla hamjafika kwao, endelea kutafuta.