Makumbusho ya sayansi Tanga: mandhari hupotea siku ya kusafisha kiwanja

Mkuu, umeuliza makumbusho ya sayansi yatajengwaje ufukweni Tanga bila kuvuruga mandhari, ukatoa mfano wa lile jengo la San Francisco lenye paa la mimea. Nimesimamia ujenzi huku pwani miaka mingi, kuanzia Pangani hadi Mkinga, kwa hiyo nakujibu kama mtu wa saiti.

Jengo hilo, California Academy of Sciences, ni kazi ya Renzo Piano na lilifunguliwa mwaka 2008. Paa lake lina vilima na mimea milioni 1.7 hivi. Ni kazi nzuri kweli. Lakini kule ukungu wa bahari hupoza kiangazi. Kwetu Januari na Februari, kaskazi ikivuma na jua likiwa utosini, majani ya paani yatakauka, na kuyamwagilia kila siku ni gharama isiyo na maana. Weka paa la mteremko lenye upenu mrefu, na kivuli kilichobaki waachie mibuyu na mikwaju.

Hiyo mibuyu ndiyo hasa inayonifanya niandike. Katika kazi nilizoziona, mandhari huharibika siku ya kusafisha kiwanja. Mchoro unaweza kuwa mzuri ajabu. Mkandarasi analeta katapila, anasukuma kila kitu mpaka panakuwa peupe, ndipo anauliza msingi unapita wapi. Saiti moja nilikuta mbuyu umeachwa umesimama, lakini malori ya mchanga yalikuwa yakigeuzia juu ya mizizi yake. Gome lilikuwa limechubuka usawa wa bampa, na udongo kuuzunguka umeshindiliwa mpaka maji ya mvua yanatuama juu. Iliniuma sana.

Kwa hiyo mpimaji aingie kabla ya mashine. Kila mti mkubwa na kila mwamba uonekane kwenye ramani ukiwa na namba yake. Kisha, na hapa usikubali kubembelezwa, uzio wa kulinda miti uingie kwenye mchanganuo wa gharama, na bei yake iandikwe. Kisichokuwa na bei hakilindwi na mtu. Udongo wa juu nao ukusanywe pembeni, maana mbegu za vichaka vya hapo zimo humo. Ukiurudisha masika yanapoanza, vichaka vitaota vyenyewe.

Sasa maonyesho. Mwambao wetu sehemu nyingi ni mawe ya matumbawe, yamejaa matundu na maji hupita ndani yake. Visima vya karibu na ufuko hupanda na kushuka kufuata maji kujaa na kupwa. Chimba kimoja katikati ya ukumbi, ukingo wake uwe chini kiasi cha mtoto kuchungulia, na ukutani chora alama za bamvua (siku ambazo maji hujaa na kupwa sana) na za maji mafu (siku ambazo hujaa na kupwa kidogo). Mwanafunzi akifika asubuhi na akachungulia tena kabla ya kuondoka, atakuwa ameona kazi ya mwezi kwa macho yake. Ila sakafu zote zikae juu ya kina cha bamvua, na mchanga wa ufukweni usiguse zege kabisa. Chumvi yake inakula nondo.

Silikanti, samaki wa kale, lazima wawepo kwenye maonyesho. Dunia ya sayansi ilidhani walitoweka zamani za dinosari mpaka mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, na sisi tuna hifadhi ya bahari yenye jina lao tangu 2009. Tangi la kioo usilifikirie: huyu ni samaki wa kina kirefu, mchana hujificha kwenye mapango chini ya bahari. Maonyesho yake yape chumba chenye giza, kuta nene za mawe na chokaa, kimeegemezwa kwenye mteremko ili kipoe bila kiyoyozi. Kutoka hapo ni rahisi kuwaeleza wageni mapango ya Amboni, jinsi maji ya mvua yenye kaboni dayoksaidi yanavyoyeyusha mwamba wa chokaa taratibu.

Maegesho yaache kule barabarani. Basi moja la shule likigeuza ndani linadai eneo kubwa kuliko ukumbi wako mdogo. Watu watembee chini ya miti, kwenye njia ya mteremko usiozidi 1 kwa 12 (kupanda mita moja kwa kila mita 12 za mwendo), ili hata mwenye kiti cha magurudumu afike bila kusukumwa kwa shida.