Mizani yangu na fungu la kumi

SWALI: Shikamoo Mchungaji. Nauza mchele hapa Mbeya. Mizani yangu inapunja kidogo kila kilo, ila fungu la kumi natoa kamili. Nikiirekebisha, kodi ya fremu itanishinda. Mungu hataelewa?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Soma 1 Samweli 15. Mungu alimwamuru Mfalme Sauli awaangamize Waamaleki na mifugo yao yote, lakini alibakiza kondoo na ng'ombe wanono, akadai ni wa kumtolea Mungu. Nabii Samweli akamwambia kutii ni bora kuliko dhabihu. Sadaka yako inatoka kwa mama aliyelipia kilo nzima akapikia wanawe pungufu. Hilo linaniuma sana. Hofu ya kodi naielewa. Mwombe mwenye fremu muda, au pandisha bei waziwazi. Lakini mizani ipeleke Wakala wa Vipimo kesho, kabla hujauza tena.