Shangazi, nilimeza dawa za sonona siku tisa nikaacha

"Shangazi shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 31, nipo Mafinga, napasua mbao kwenye mashine ya dingdong. Tangu mwishoni mwa mwaka jana sina raha na chochote, nashtuka saa tisa usiku nakaa macho mpaka kunakucha, nimekonda suruali naifunga na kamba, bosi anasema nimekuwa mvivu. Nikaenda hospitali Iringa ili huku wasinione, daktari akaniambia ni sonona, akanipa fluoxetine na akasema kuna mtu wa ushauri nasaha nikimtaka. Nimemeza siku tisa sikuona kitu zaidi ya kichefuchefu, nikaacha. Mama anataka twende kwa mchungaji, bamdogo anasema nimetupiwa kitu, washkaji wanasema hizo dawa zinamaliza nguvu za kiume na ukianza huachi mpaka kaburini. Mwezi wa saba napeleka mahari na mchumba hajui lolote. Nifanyeje?"

Marahaba mwanangu, na kamwene.

Barua yako nimeisoma jana usiku nikairudia asubuhi nasubiri chai ichemke, na kilichonishika sio bamdogo wala mchungaji, ni hizo siku tisa. Yani umepanda basi kilomita kama 80, umekaa foleni, umemwambia mtu usiyemjua mambo ambayo hata mama yako hujamwambia, alafu ukaacha wakati dawa yenyewe ilikuwa haijaanza hata kufanya kazi! Fluoxetine sio panadol. Inachukua wiki 2 mpaka 4 ndo mtu aanze kuhisi tofauti, wengine mpaka wiki 6, na kibaya ni kwamba usumbufu wake ndo unatangulia, kichefuchefu, kichwa, usingizi kuvurugika, mwili kukosa utulivu, na kwa wengi unapungua wenyewe baada ya wiki moja au mbili. Sasa we ukapata usumbufu wote ukaondoka. Nyie si mnapanga mbao za paina na vijiti katikati zikauke kwanza, mteja akija na haraka zake akabeba mbichi akapigilia dari, ikipinda anakuja kuwagombeza nyie?

Sikucheki lakini. Mimi nilipojifungua wa mwisho niliingia hukohuko, mtoto analia pembeni yangu namwangalia kama wa jirani, na siku niliyojikaza kwenda zahanati fulani nesi akapaza sauti mbele ya foleni nzima, "wa akili apite huku." Nikageuka na kitenge changu nikarudi nyumbani, nikapoteza miezi mitatu mingine. Kwahiyo hilo basi la kwenda kujificha Iringa nalielewa vizuri sana.

Haya, uchague nini. Sonona ikiwa nyepesi maongezi peke yake yanaweza kutosha, sio kila mtu lazima ameze kidonge. Ila mtu aliyekonda mpaka kamba, anashtuka saa tisa kila siku na kazi imemshinda, hiyo sio nyepesi tena, na hapo dawa na ushauri vikienda pamoja ndo vinasaidia zaidi kuliko kimoja. Na huo ushauri usidhani utakaa unahubiriwa. Mshauri mzuri anakusikiliza, alafu mnashika vitu vidogo kabisa, mfano Jumamosi utaenda kwenye mpira hata kama hujisikii, utakaa nusu saa utaondoka, ukirudi mnaongea ilikuaje, maana sonona inakwambia subiri kwanza ujisikie vizuri ndo utoke, na ukiisubiri hutoki. Nauli ya Iringa kila mara ni mzigo najua, muulize daktari kama hapo hospitali ya Mafinga kuna mtu anayeweza kukuona, na ukikutana na mtu wa mtaani kwenu kwenye benchi, basi na yeye kaja kutibiwa.

Fluoxetine ikikukataa kabisa zipo nyingine. Kuna amitriptyline, ya zamani, inaleta usingizi lakini inakausha mdomo, inafunga choo na asubuhi inaweza kukuacha mzito, sasa mtu anayesukuma gogo kwenye msumeno asubuhi na usingizi machoni hapana! Nina wasiwasi daktari hajui kazi yako. Mwambie, tena mwambie kwa kirefu, mashine ilivyo na unaanza saa ngapi. Mwambie pia kama kuna kipindi ulishawahi kuwa kinyume kabisa, hulali lakini una nguvu, unaongea sana, unatapanya hela, kwa sababu huo unaweza kuwa ugonjwa mwingine na dawa ya sonona peke yake inaweza kuuchochea. Na kama unameza tramadol kwa ajili ya mgongo, kama wengi wenu hapo mashineni, sema, haichanganywi ovyo na fluoxetine.

Nguvu za kiume sitakudanganya, kwa baadhi ya watu fluoxetine inapunguza hamu au inachelewesha kumaliza. Ila na sonona yenyewe inaua hamu, na nahisi hilo unalijua tayari, si ndio? Likitokea unamwambia daktari, anapunguza dozi au anabadilisha dawa. Usiache kimyakimya. Hiyo ya kumeza mpaka kaburini ni maneno ya kijiweni, kawaida mtu akishapata nafuu anaendelea miezi 6 mpaka 12 ili isirudi haraka, alafu anapunguziwa taratibu. Haileti uraibu. Ya kuogopa ni ile valiamu mnayonunua duka la dawa ili mlale, ile ndo mwili unaizoea. Na ulanzi! Msimu ukifika najua kila kona kuna ndoo, na kikombe cha kwanza kinachangamsha kweli, ila pombe inashusha moyo zaidi kesho yake na inagombana na dawa, usiiweke kwenye hesabu ya matibabu.

Mama mpeleke kwa mchungaji, nenda naye, muombewe. Maombi na kidonge havijawahi kugombana tumboni kwa mtu. Mchungaji akisema tupa dawa, hapo msalimie vizuri mrudi nyumbani. Bamdogo mheshimu lakini usimpe hela, mahari inakusubiri, na mizizi yake hujui inafanya nini ikikutana na fluoxetine.

Sasa kuna kitu hukuandika na mimi nakuuliza waziwazi. Watani wetu wanatucheka sisi wa Iringa kwa habari za kujinyonga, na sisi tunacheka, hata mimi nimecheka kwenye misiba ya watu, ila utani huu umetuharibia, mtu akisema nimechoka kuishi tunadhani anachekesha. Wewe mawazo ya kufa yanakujia? Ukiwa macho saa tisa unawaza nini? Kama yapo, usisubiri tarehe ya kliniki, mwamshe mama usiku huohuo, usikae peke yako, nendeni hospitali yoyote iliyo karibu saa yoyote. Kumuuliza mtu hakumpandikizii wazo, kwa hiyo nakuuliza bila woga, na hata yasipokuwepo leo nataka mtu mmoja nyumbani ajue ukirudishiwa dawa, akuangalie zile wiki za mwanzo, zina mawimbi.

Mchumba mwambie kabla ya mahari. Mimi hapa sina mjadala. Asije kukuta vidonge chini ya godoro akadhani ni ARV au ni kitu cha mganga, utamaliza mwaka unaelezea. Mkiwa wawili, sio kwenye simu, mwambie "nilikuwa siko sawa tangu mwaka jana, nimeenda hospitali, inaitwa sonona, natibiwa." Inatosha, maswali mengine atauliza mwenyewe. Akikimbia itauma, siwezi kusema haitauma, lakini bora akimbie mahari ikiwa bado iko mfukoni kwako. Mi nadhani hatakimbia, anakuona ulivyokonda, pengine anawaza una mwanamke mwingine.

Dawa usianze tena peke yako kwa sababu shangazi kasema, mimi sio daktari. Omba ruhusa siku moja, rudi wiki hii kwa yuleyule aliyekuandikia, mwambie ukweli kwamba uliacha na kwa nini, hatakupiga. Na ile karatasi ya dawa yenye matundu tisa usiitupe, ibebe, ndo atajua aanzie wapi.