Amorgos: kisiwa nilichokichagua kwa sababu ndege hazitui

Kila niliyemuuliza kuhusu visiwa vya Ugiriki alinitajia Santorini au Mykonos. Mimi nilikuwa nimechoka, nataka mahali pa kuamshwa na kengele za mbuzi. Nikatafuta kisiwa kisicho na uwanja wa ndege, maana wageni wa haraka hawafiki huko. Ndipo nikaipata Amorgos, mashariki mwa visiwa vya Cyclades.

Ukipanga safari kama hii, anza na meli; chumba kitafuata. Kutoka Piraeus, bandari ya Athens, feri kubwa hutumia saa 7 hadi 9 hivi. Ukitokea Naxos ipo Express Skopelitis, meli ndogo inayopitia visiwa vidogo kama Iraklia, Schinoussa na Koufonisia. Niliipenda sana, ila kama bahari hukutapisha, beba dawa. Halafu soma tiketi vizuri: Amorgos ina bandari mbili, Katapola na Aegiali, na kati yake kuna milima. Chumba kikiwa Aegiali nawe umeshukia Katapola usiku, utatafuta teksi kwa shida.

Jambo lililoniumiza ni upepo. Sisi wa pwani tumelelewa na kusi na kaskazi, tunajua bahari ina wakati wake. Wao wana meltemi, upepo mkavu wa kutoka kaskazini, unaovuma zaidi Julai na Agosti. Mbingu huwa nyeupe, jua linawaka, wala huoni wingu, nami nikadhani hali ni shwari. Siku yangu ya kuondoka meli zilizuiwa kutoka. Nilikaa bandarini na begi langu mpaka jioni, ndege yangu ya kutoka Athens ikaniacha, nikalipa nauli upya. Kwa hiyo nakusihi: rudi Athens siku moja nzima kabla ya ndege, na kama ni Agosti, ziwe mbili.

Bora zaidi, usiende Agosti. Karibu na tarehe 15, sikukuu ya Bikira Maria, Wagiriki wenyewe hurejea visiwani na vyumba huwa adimu. Juni ni nzuri. Septemba naipenda zaidi, maji yameshika joto la kiangazi kizima.

Kwa wenye pasipoti za Tanzania na Kenya, viza ya Schengen, yaani ya kuingia Ugiriki na nchi nyingine nyingi za Ulaya, inaweza kuombwa hadi miezi 6 kabla ya safari. Bima ya matibabu ya safari iwe ya angalau euro 30,000. Usiache mpaka wiki za mwisho.

Ukishafika, panda mapema kwenye monasteri ya Hozoviotissa, kabla jua halijawa kali na kabla hawajafunga mchana. Historia yake inarudi hadi 1088, enzi za Alexios I Komnenos, kaisari wa Bizanti (Roma ya Mashariki). Ni jengo jeupe lililobanwa kwenye jabali juu ya bahari, jembamba mno, hata upana wake hauzidi mita 5 hivi. Wanaume wavae suruali ndefu, wanawake sketi. Mamia ya ngazi yatakutoa jasho. Juu, watawa humkaribisha mgeni kwa maji baridi, loukoumi (vipande laini vya peremende) na kikombe kidogo cha raki, pombe kali, ya asali na mdalasini. Mimi situmii kileo. Nilikataa kwa adabu, mkono kifuani, nikaongezewa loukoumi, nikaketi kwenye kibaraza kutazama bahari.