Muulize Mama Stoo: Daftari la wauzaji wa bolti za milimita

SWALI: Mama, salamu. Natengeneza mashine za kukata nyasi ya ng'ombe hapa Kariobangi Light Industries. Mashine nyingi ninazoletewa ni za milimita, lakini nikienda Kirinyaga Road kutafuta bolti naambiwa "ipo", nikirudi karakana haiingii. Nimeanza daftari la wauzaji wenye vitu vya milimita, na mafundi wenzangu wameanza kuliomba. Shida ni kwamba linachakaa upesi. Nilitunze vipi? – Fundi, Kariobangi

JIBU: Mwanangu, endelea, kazi hiyo inahitajika sana. Ila usilipange kwa majina ya maduka. Lipange kwa vipimo, kwa sababu mwenye mashine iliyosimama anatafuta M8, yaani bolti ya unene wa milimita 8, hajali duka ni la nani.

Na hiyo M8 ndiyo inayowatesa wengi. Ya kawaida ina meno yaliyoachana milimita 1.25, nyingine, ya meno ya karibu, ni milimita 1. Pembeni yao, mara nyingi kwenye kisanduku hichohicho, kuna bolti ya inchi 5/16. Unene wake ni milimita 7.94, na kichwa chake ni nusu inchi, yaani milimita 12.7, kwa hiyo spana ya 13, ileile ya M8, inakishika vizuri tu. Jicho halitakusaidia, wala spana. Lakini meno yake ni 18 kwa inchi, karibu milimita 1.41 kati ya jino na jino. Nati ya M8 itazunguka kidogo kisha ikwame, na anayeilazimisha anaua nati na bolti pamoja.

Kwa hiyo tunga kwenye waya nati nzuri za M6, M8, M10 na M12, utembee nazo. Jaribu palepale kaunta. Nati ikiingia kwa vidole mpaka mwisho, andika: kipimo, nafasi ya meno, namba ya nguvu iliyo kichwani mwa bolti kama 8.8 au 10.9, na tarehe. Weka safu mbili, "nimeona" na "nimeambiwa", na usizichanganye kamwe. Muuzaji anayesema "ipo" huenda anategemea jirani yake.

Mabomba yaandikie ukurasa wake. Bomba la chuma la "nusu inchi" lina unene wa nje wa karibu milimita 21, ilhali la plastiki la PPR la 20 huitwa kwa unene wake wa nje hasa. Andika jina la dukani na kipimo halisi, yote mawili. Mbao ziache, bado tunazinunua kwa futi na inchi.

Anayeliomba daftari alipe kwa habari: akinunua, akwambie alichokuta. Bidhaa isiyothibitishwa kwa miezi mitatu irudishe kwenye "nimeambiwa". Duka likihama, lipige mstari, usilifute, maana watu wataendelea kuliulizia. Namba ya simu ya muuzaji usiisambaze kabla hajakubali. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 ipo, na hata isingekuwepo ni heshima. Akikupa pesa umweke wa kwanza, kataa, tafadhali. Mafundi wanaliamini daftari hilo kwa kuwa halina mwenyewe dukani.

Ukurasa wa M10 uachie nafasi kubwa. Kuna meno ya 1.5, ya 1.25 na ya 1, na kichwa huwa mara cha spana 17, mara 16.